Mama alikuwa nani kabla yangu?

Wadau, kazi yangu ni kuuliza watu maswali. Lakini wiki iliyopita, nikitafuta cheti changu cha kuzaliwa kabatini kwa mama, nilikuta picha yake akiwa msichana, amevaa sare za JKT. Miaka yote hii sikujua! Nilipomuuliza akacheka tu. "Hayo ya zamani, mwanangu." Akaendelea kuchambua mchele.

Tangu siku hiyo namfikiria Salme binti Said. Alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, Unguja, binti wa Sultani Sayyid Said. Mabinti wa kwao walifundishwa kusoma Kurani, kuandika hapana. Yeye akajifunza kwa siri, akinakili herufi kwenye mfupa wa bega la ngamia.

Mwaka 1866 alitoroka Unguja akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Mwaka uliofuata alibatizwa Emily huko Aden, wakaoana, wakahamia Hamburg. Mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu, akamwacha na watoto watatu wadogo.

Watoto wale wakakua Wajerumani. Walichojua ni kwamba mama yao ni Mwarabu, katoka Unguja. Basi. Afya yake ilipotetereka, akaogopa kufa kabla hawajamjua. Ndipo akaanza kuwaandikia kumbukumbu zake, zikaja kuchapishwa mwaka 1886. Maandishi aliyojifunza kwa kujificha ndiyo yaliyowaeleza wanawe walikotoka.

Salme alifariki mwaka 1924. Miaka mitano baadaye mwanawe, Rudolph, alichapisha kitabu kuhusu Sayyid Said, babu aliyefariki mwaka 1856, kabla yeye hajazaliwa. Sidhani angehangaika hivyo kama mama yake angenyamaza.

Sisi tunapenda kulalamika kwamba wazazi wetu hawasemi. Wengine wana aibu, wengine wana machungu, wengine wanadhani hatuna haja na habari zao. Na mimi je? Nimeshahoji mawaziri, madereva wa daladala na wauza samaki wa Feri. Mama sijawahi kumwuliza swali moja la maana kuhusu maisha yake, nikaondoka bila haraka ya kwenda popote.

Jumapili naenda nyumbani. Kinasa sauti nitakiacha. Nitakaa naye tuchambue mchele, kisha nitamwomba anionyeshe tena ile picha.

Na wewe msomaji, unajua mama yako alikuwa nani kabla hujamwita mama?