Jua, Moshi na Jokofu: Uhifadhi wa Samaki kutoka Ziwa Nyasa hadi Masukulu

Masukulu, iliyoko Wilaya ya Rungwe, haipakani na Ziwa Nyasa, na kwa sababu hiyo samaki aliyevuliwa Matema au kwingineko katika mwambao wa Kyela, ulio takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari, alipaswa kwanza kupandishwa milimani ndipo awe kitoweo cha Wanyakyusa wa huko. Kabla ya magari, mzigo huo ulibebwa kichwani, na samaki mbichi katika joto la bondeni huanza kuharibika ndani ya saa chache, kwa kuwa bakteria walioko katika ngozi, matamvua na matumbo yake huongezeka upesi mara anapokufa.

Wavuvi na wachuuzi walikabili tatizo hilo kwa kuwanyima bakteria maji. Usipa, yaani dagaa wa Nyasa, walianikwa mchangani au juu ya chanja, na mvua ilipozuia jua, samaki walibanikwa kwa moto wa kuni. Moto uliwakausha, na moshi uliwaachia fenoli, kemikali zinazodhoofisha bakteria na kuchelewesha kuchacha kwa mafuta ya samaki. Chumvi, ambayo huvuta maji kutoka katika minofu, ilikuwa bidhaa ya thamani katika nyanda hizo. Huko Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, watu waliitengeneza tangu yapata karne ya 13. Hata hivyo, Rungwe ni nchi ya mvua nyingi, na samaki mkavu akifyonza unyevu huota ukungu, hivyo ilimpasa mpishi amweke karibu na moto wa jikoni.

Mashine za kutengeneza baridi, zilizoboreshwa na Mjerumani Carl von Linde katika miaka ya 1870, zilileta njia nyingine, ingawa vijiji vingi vya Tanzania vilisubiri umeme hadi baada ya Wakala wa Nishati Vijijini kuanza kazi mwaka 2007. Baridi ya jokofu, ambayo kwa kawaida ni kama nyuzi 4 za Selsiasi, haiui bakteria bali hupunguza kasi yao, na aina zinazostahimili baridi, hasa Pseudomonas na Shewanella, huendelea kukua na kuleta utelezi na harufu mbaya. Samaki wa maji ya joto hudumu zaidi katika barafu kuliko wa bahari za baridi, kwa sababu wengi wa bakteria wao wa asili hawajazoea baridi.

Kwa hiyo jokofu halikuifuta kazi ya jua, chumvi na moshi. Samaki aliyebanikwa vizuri huingia katika baridi akiwa na maji machache na bakteria wachache, ilhali aliyekwisha kuanza kuoza njiani hawezi kurudishiwa ubora wake na jokofu lolote.