Kwa Nini Linux Ina Sura Nyingi

Vijana wenzangu, na ninyi wa mashirika mnaotuletea kompyuta zilizotoka ofisini: mashine zikifika tu, swali ni lilelile, tuweke Linux ipi? Kila mtu anataja ile aliyoizoea. Mimi naona tuanze na ugomvi wa zamani, maana jibu limo humo.

Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alitoa kiini tu, yaani ile sehemu inayoongea na mashine. Programu zingine watu walijikusanyia wenyewe. Kazi hiyo ya kukusanya na kupanga ndiyo iliyozaa distro. Debian ilianza 1993, Ubuntu ikachipuka kutoka Debian 2004, na Linux Mint ya 2006 ikajengwa juu ya Ubuntu. Bibi, mama na binti. Ukimjua mmoja hupotei kwa mwingine. Tena Ubuntu kwa miaka kadhaa walikuwa wanatuma CD kwa posta, bure kabisa, mpaka 2011. Kwa mtu asiye na bando hiyo ilikuwa kitu kikubwa.

Ugomvi ulikuwa wa sura ya skrini. Mwaka 1996 Mjerumani Matthias Ettrich alianzisha KDE ili mtu wa kawaida apate menyu na madirisha yanayofanana. Ilipendeza, ila ilitegemea Qt, mali ya kampuni ya Norway, ambayo leseni yake haikuwa huru. Mwaka uliofuata Miguel de Icaza na Federico Mena wa Mexico wakaanzisha GNOME kwa sababu hiyo. Mwaka 2000 leseni ya Qt ikarekebishwa, lakini kambi zilikuwa tayari mbili, na sisi tunajua kambi ikishajengwa haivunjwi upesi.

Halafu 2011 ikaja GNOME 3. Menyu ya zamani ikaondoka, na mashine ikadaiwa grafiki zenye nguvu. Zilizo dhaifu zilipewa sura ya akiba, nayo ikafutwa 2013. Hapo mtu mmoja wa Argentina akaifufua GNOME 2 kwa jina la MATE, kinywaji cha kwao. Mint wakatengeneza Cinnamon. Wengine wakakimbilia Xfce ya Mfaransa Olivier Fourdan, iliyokuwepo kimya kimya tangu 1996. Hata Torvalds mwenyewe alihamia huko kwa muda.

Sasa mashine zetu. Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11, kwa hiyo ofisi zitaendelea kuzitoa. Kwanza angalia kama ni ya biti 64, kwa sababu Debian 13 haisakinishwi tena kwenye biti 32. RAM ikiwa GB 2, mimi nachagua Xfce bila kubishana. Ikiwa GB 4, MATE au Cinnamon. GNOME iache kwa mashine ya GB 8. Na usidanganyike, kivinjari chenye kurasa kumi kitakula RAM kuliko sura yoyote hapo.

Washa kwanza kutoka kwenye flashi bila kufuta kitu. Wi-Fi ikishika na sauti ikitoka, ndipo usakinishe.