Hewa Ilivyokausha Kuta za Jeddah na Riyadh

Tarehe 25 Novemba 2009, mahujaji wakielekea Mina, Jeddah ilinyeshewa takribani milimita 90 za mvua kwa saa chache tu. Kwa kawaida mji huo haupati mvua hiyo hata kwa mwaka mzima. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Mafuriko yalirudi Januari 2011, na tarehe 24 Novemba 2022 zilipimwa milimita 179 kwa siku moja. Maji ya barabarani yalipungua, lakini yaliyoingia kutani hayakuondoka upesi.

Mafundi wa zamani wa Jeddah waliijua shida hiyo. Nyumba za Al-Balad, mji wa kale, zilijengwa kwa matumbawe ya Bahari ya Shamu, yaliyoshikizwa kwa udongo wa wangwani na kupakwa chokaa. Kila baada ya kimo fulani cha ukuta fundi alilaza boriti ili uzito ugawanyike. Tumbawe lina vitundu vingi. Hunyonya maji ya ardhini, nayo hupanda polepole pamoja na chumvi. Yakifika juu ya lipu hukauka, na chumvi hubaki ikigeuka chembe ngumu zinazolimenya jiwe.

Hewa ya pwani imejaa mvuke, hivyo haiukaushi ukuta kwa haraka. Roshani kubwa za mbao zenye matundu zilisaidia kwa kupitisha upepo wa bahari. Nyumba ya Nassif, iliyojengwa kati ya 1872 na 1881, na ambamo Mfalme Abdulaziz, mwanzilishi wa Saudi Arabia, alikaa alipoingia Jeddah mwaka 1925, ina roshani hizo hadi leo.

Riyadh ina mazingira mengine kabisa. Ngome ya Masmak, iliyojengwa mnamo 1865 na kutekwa na Abdulaziz mwaka 1902, ni ya matofali ya udongo juu ya msingi wa mawe. Hewa ya Najd, eneo la Riyadh, ni kavu, na tofali bichi hukauka kwa jua. Adui wake ni mvua ya ghafla. Kwa hiyo mafundi walitoa mifereji ya mbao mbali na ukuta, na baada ya msimu wa mvua wenyeji walikandika upya udongo na makapi.

Saruji ilivuruga mpango huo. Ukuta uliozunguka mji wa Jeddah ulibomolewa mwaka 1947, matajiri wakahamia nje, na nyumba za kale zikapangishwa na kuzibwa kwa lipu ya saruji. Saruji huzuia mvuke kutoka, hivyo unyevu hupanda zaidi na boriti huoza kwa ndani. UNESCO iliiorodhesha Jeddah ya kale kuwa urithi wa dunia mwaka 2014, na mwaka 2019 zikaahidiwa riyali milioni 50 za kuokoa majengo 56.

Nyumba za kale za Zanzibar nazo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe kama za Jeddah. Jumba la Beit al-Ajaib la mwaka 1883 liliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020, likiwa kwenye ukarabati, na watu wawili wakafa. Mwenye nyumba ya matumbawe Unguja, Lamu au Mombasa iliyolowa asiharakishe kuipaka rangi. Abandue saruji, afungue madirisha, aache ukuta ukauke miezi kadhaa, kisha amwite fundi wa chokaa.