Nukta Jangwani, Taa Ziwani

Kwa miaka mingi abiria wa Ikola walijifunza kusoma giza. Kijiji hicho kiko kwenye mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, leo katika Mkoa wa Katavi, zamani katika Wilaya ya Mpanda, Mkoa wa Rukwa. Kilikuwa kimojawapo cha vituo vya meli Liemba katika safari zake baina ya Kigoma na Mpulungu, nchini Zambia. Meli haikuwa na gati la kufungia. Ilitia nanga mbali na ufuo, na mashua ziliiendea huko huko zikiwa zimesheheni watu, magunia, kuku na dagaa wakavu. Lakini kabla ya kelele hizo palikuwa na kungoja. Watu waliketi mchangani karibu na mizigo yao, na mbele yao ziwa zima lilitapakaa taa za wavuvi. Katika taa hizo moja ilikuwa na mwendo wake peke yake. Wa kwanza kuitambua hakuyaamini macho yake, wa pili alimbishia, wa tatu alianza kufunga mzigo.

Aliyewahi kuitazama filamu ya Lawrence of Arabia anaujua mngojeo huo, hata kama hajafika Ikola. Lawrence na Tafas, Bedui anayemwongoza, wamefika kwenye kisima jangwani. Mbali, pale ambapo ardhi na mbingu zimeungana kwa mazigazi, yale maji ya uongo ya jua kali, inatokea nukta. Inatetemeka. Inaelekea kugawanyika, kisha inajiunga tena. Mtazamaji hajui kama ni mtu, mnyama au kosa la macho. Hapana muziki. David Lean, mwongozaji wa filamu, anaiacha nukta ijongee kwa mwendo wake wa haki, mpaka inapokuwa mpanda ngamia aliyevaa nyeusi. Tafas anakimbilia bunduki, mlio unasikika, Tafas ameanguka. Aliyekuja ni Sharif Ali, na kisima ni cha watu wake.

Mpiga picha Freddie Young aliipiga sehemu hiyo kwa lenzi ndefu mno katika tambarare ya al-Jafr, Jordan. Ufundi huo umeandikwa sana. Kisichosemwa sana ni kwamba tukio zima limejengwa juu ya subira, na kwamba subira hiyo inalipwa kwa mauti. Mtunzi wa shairi analijua jambo hili: kituo hakina utamu kikifikwa kabla ya wakati wake.

Filamu hiyo ilioneshwa kwa mara ya kwanza mjini London tarehe 10 Disemba 1962, mbele ya Malkia Elizabeth wa Pili. Siku moja nyuma, tarehe 9 Disemba, Tanganyika ilikuwa imekuwa Jamhuri, na Malkia huyo huyo ameacha kuwa Malkia wa Tanganyika. Ni sadfa tu, na haina haja ya kukamuliwa maana. Hata hivyo inapendeza kumfikiria mama yule ameketi gizani kwa muda wa saa tatu na dakika arobaini, akitazama jinsi dola yake ilivyowaahidi watu uhuru na kisha kuugawa mezani.

Mara nyingi watu hueleza uimara wa filamu hii kwa ukubwa wake: turubai pana, muziki wa Maurice Jarre, macho ya buluu ya Peter O'Toole, tuzo saba za Oscar, na matengenezo ya mwaka 1989 yaliyorudisha vipande vilivyokatwa. Yote ni kweli, wala hayatoshi. Filamu nyingi za miaka ile zilikuwa kubwa, na leo hakuna anayezitafuta. Jibu lililo bora zaidi laweza kupatikana kwa kuilinganisha na filamu nyingine ya mtayarishaji yule yule, Sam Spiegel. Miaka kumi na moja kabla ya Lawrence, mwaka 1951, Spiegel alitayarisha The African Queen, iliyoongozwa na John Huston. Vita ni vile vile, vya 1914 hadi 1918. Jangwa halimo. Lililomo ni ziwa, na ziwa hilo limetoholewa katika habari ya maji yale yale yanayopiga ufuo wa Ikola.

Habari yenyewe inawahusu pia watu wa visiwani. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliishambulia manowari ya Kiingereza Pegasus iliyokuwa imetia nanga bandarini Unguja, ikaizamisha. Baadhi ya mabaharia waliokufa wamezikwa katika kisiwa cha Chapwani. Königsberg nayo ilijificha katika matawi ya Mto Rufiji, ikanaswa humo, na tarehe 11 Julai 1915 Wajerumani wakaizamisha wenyewe. Mizinga yake haikuachwa matopeni. Iliopolewa na kupelekwa kwenye medani za nchi kavu, na mmoja ulisafirishwa mpaka Kigoma, ukafungwa juu ya meli mpya iliyoitwa Graf von Götzen.

Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafumuliwa na kutiwa katika makasha yapatayo 5,000. Ilivuka bahari hadi Dar es Salaam, ikapanda reli ya kati, ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Haikuwa na mpinzani ziwani.

Waingereza wakajibu kwa mashua mbili za mota, Mimi na Toutou, kila moja na urefu wa mita 12 hivi. Ziliondoka Uingereza Juni 1915 kwa meli hadi Cape Town, zikapanda treni hadi Katanga, na baada ya hapo reli ikaisha. Zilikokotwa juu ya milima ya Mitumba kwa mitambo ya mvuke, kwa maksai na kwa mikono ya watu. Mitambo ile ilikunywa maji kama mnyama mwenye kiu, na msimu ulikuwa wa kiangazi. Wanawake wa vijiji vya njiani walitwishwa maji vichwani ili moto wa Wazungu usizimike. Siku ya tarehe 26 Disemba 1915 mashua hizo ziliiteka Kingani ya Wajerumani karibu na mahali paitwapo leo Kalemie, ng'ambo ya Ikola kwa upande wa kaskazini-magharibi. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann nayo ikazama.

Mkuu wa msafara huo, Geoffrey Spicer-Simson, alikuwa mtu wa vituko. Mwili wake ulikuwa na michoro ya nyoka, na mbele ya wanajeshi wake alivaa sketi. Vitabu vya Kiingereza hupenda kusimulia kwamba Waholoholo wa mwambao walimwabudu. Vitabu hivyo hivyo vinataja jina walilompa: Bwana Chifungatumbo. Msomaji wa Kiswahili na aamue mwenyewe kama hiyo ni ibada au ni utani. Wanaoabudu hawampi mungu wao jina la nguo yake ya ajabu.

Hapa ndipo jangwa na ziwa vinapokutana. Lawrence naye ni Mwingereza aliyevaa nguo zisizo zake mbele ya watu wasio wake, akajiona amegeuka. Katika filamu, Sharif Ali anapompa joho jeupe, Lawrence anakwenda pembeni, anachomoa jambia na kujitazama humo kama kwenye kioo. Mtu mmoja anamwona: Auda abu Tayi. Filamu haimwachi apendeze peke yake. Kila anapojikweza yupo wa kumtazama, na jicho hilo ni la mwenyeji. Gasim, yule aliyerudiwa jangwani na kuokolewa kinyume cha ushauri wa wote, baadaye lazima auawe kwa mkono wa yule yule aliyemwokoa ili makabila yasipigane. Na mwishoni, baada ya mauaji ya askari wa Kituruki waliokuwa wakirudi nyuma, jambia lile linaonekana tena, sasa limelowa damu. Aliyeanza kama mshenga wa uhuru anaondoka kwa gari, vumbi usoni, na pikipiki ikampita. Mtazamaji anaikumbuka pikipiki hiyo, kwa maana filamu ilianza na kifo chake juu ya pikipiki, Mei 1935.

Katika The African Queen hapana wa kumtazama mgeni. Mwanzoni tunawaona Waafrika wakiimba nyimbo za kanisa wasizozijua, kisha kijiji chao kinachomwa moto, na wao wanatoweka. Hakuna mmoja anayebaki na jina kinywani mwa mtazamaji. Baada ya hapo mto mzima ni wa Bwana Allnut na Bi Rose, pamoja na mbu na ruba. Humphrey Bogart na Katharine Hepburn wanachekesha na wanapendeza; Bogart alipata Oscar yake kwa kazi hiyo. Lakini nchi imehamwa ili wawili hao wapendane. Hata ziwa lenyewe halimo: picha zilipigwa Kongo ya Wabelgiji, Uganda na Uingereza.

Si kwamba filamu ya jangwa haina deni. Deni lake ni kubwa. Hakuna mwanamke anayetamka neno lolote kwa muda wote huo. Faisal ni Alec Guinness aliyepakwa rangi, na Auda ni Anthony Quinn aliyebandikwa pua. Jamaa wa Auda walilalamika kwa jinsi mzee wao alivyooneshwa. Akaba iliyotekwa na wapanda ngamia mbele ya kamera ilijengwa Hispania. Bali Omar Sharif ni mtoto wa Alexandria, na kabla ya Hollywood kumjua alikwisha kuwa nyota wa filamu za Misri, ambazo watazamaji wa Unguja na wa mwambao walizipenda na kuzililia. Wao hawakukutana na Ali kama mtu mpya aliyezaliwa na mazigazi. Yule wa kisimani alikuwa sura wanayoifahamu.

Basi yumkini siri ya kudumu ni hii: Lean aliliacha jangwa libaki na wenyewe. Nukta ilipotoka kwenye mazigazi haikuwa ya kumkaribisha mgeni, ilikuja kumwuliza kwa idhini ya nani anakunywa maji. Kila kizazi kinaweza kurudi kwenye swali hilo. Ziwa bado halijapata filamu inayouliza hivyo, ijapokuwa habari zake hazina uhaba. Waingereza waliandikisha wapagazi karibu milioni moja katika vita vya Afrika Mashariki, na makadirio ya waliokufa huzidi 90,000, wengi kwa maradhi na uchovu. Kumbukumbu yao iliyo maarufu kuliko zote ni jina la soko, Kariakoo, na wanaonunua nyanya pale hawalazimiki kujua kwamba wanatamka jina la kikosi cha kubeba mizigo.

Meli nayo ilikuwa na mwisho wake, usiofanana na wa filamu. Bogart na Hepburn wanaizamisha Louisa kwa bomu walilolitengeneza kwa mikono yao. Götzen haikuzamishwa na shujaa yeyote. Spicer-Simson aliiona, akakataa kuishambulia. Wajerumani walipolazimika kuondoka Kigoma, Julai 1916, mafundi wao waliipaka mitambo grisi nzito, kama mtu anayefunika chakula ili akile kesho, kisha wakaizamisha kwa upole. Wabelgiji waliiopoa ikazama tena. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, wakakuta mitambo inafaa, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, jina ambalo Livingstone aliliandika kuwa la sehemu ya kusini ya ziwa.

Kuanzia hapo ikawa meli ya watu. Ilibeba maharusi, maiti, walimu waliohamishwa na wafanyabiashara wa dagaa. Mei 2015 ilikuwa ikienda na kurudi baina ya Kagunga na Kigoma, imejaa wakimbizi wa Burundi. Mwishoni mwa miaka ya 2010 safari zake za kawaida zilikoma kwa uchakavu, ikabaki Kigoma kungoja matengenezo makubwa, na watu wa Ikola wakarudia mashua za mbao na barabara ya Mpanda.

Mwaka 1951, siku zile Louisa ilipokuwa ikizamishwa mbele ya kamera, meli yenyewe ilikuwa kazini, ikipanda na kushuka ziwa. Kwenye fukwe zisizo na gati watu walikuwa wameketi mchangani, wakibishana kuhusu taa.