Nicholas Shackleton na utafiti wa tabianchi za kale katika mashapo ya bahari

Nicholas John Shackleton (1937–2006) alikuwa mwanajiolojia wa Uingereza aliyethibitisha kwamba tope la vilindi vya bahari limehifadhi historia ya barafu ya dunia nzima, na kwamba barafu hiyo ilitanda na kuyeyuka kwa kufuata mabadiliko ya mwendo wa Dunia kulizunguka Jua. Alizaliwa London, akasoma fizikia katika Clare College, Cambridge, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1967, na akaendelea kufanya kazi katika chuo kikuu hicho hicho mpaka alipostaafu mwaka 2004. Baba yake, Robert Shackleton, naye alikuwa mwanajiolojia, na katika miaka ya 1940 aliitumikia idara ya madini na jiolojia ya Kenya. Ernest Shackleton, msafiri mashuhuri wa Antaktika, alikuwa jamaa yao wa mbali.

Utafiti wake ulitegemea foraminifera, viumbe vya seli moja ambavyo vingi vyake hujijengea gamba la chokaa lenye ukubwa wa punje ya mchanga. Baadhi huelea karibu na uso wa bahari; wengine huishi sakafuni, juu ya tope lenyewe. Wakifa, magamba yao hurundikana. Katika bahari kuu, mbali na mito inayoleta udongo wa nchi kavu, tabaka hilo huongezeka kwa sentimita moja hadi tatu hivi kila miaka 1,000. Meli ya utafiti hushusha bomba refu lililofungwa uzito, bomba likazama topeni kwa kishindo, kisha likavutwa juu na nguzo ya mashapo ya mita kumi au zaidi. Tope la juu ni la jana. La chini kabisa ni la miaka laki kadhaa iliyopita.

Ndani ya magamba hayo kuna oksijeni ya aina mbili zenye umuhimu hapa: oksijeni 16, nyepesi na ndiyo iliyo nyingi, na oksijeni 18, nzito, ambayo ni kama atomi mbili tu katika kila 1,000. Mwaka 1947 mkemia Mmarekani Harold Urey alieleza kwamba uwiano wa aina hizo mbili katika chokaa hutegemea joto la maji: maji yakiwa baridi, gamba huchukua oksijeni nzito zaidi. Cesare Emiliani, mwanasayansi kutoka Italia aliyekuwa Chicago, alilichukua wazo hilo na kuligeuza kuwa kipimajoto cha bahari za kale. Katika makala yake ya mwaka 1955 alikadiria kwamba uso wa bahari ya Karibi ulipoa kwa nyuzi 6 hivi za selsiasi wakati wa zama za barafu. Ndiye pia aliyezipa hatua za joto namba witiri na hatua za baridi namba shufwa, kuanzia leo kurudi nyuma, na mpango huo unatumika hadi sasa.

Lakini maji ya bahari yenyewe hayakuwa na uwiano uleule nyakati zote. Bahari inapotoa mvuke, maji mepesi hutangulia kupanda. Mvuke ukielekea kwenye ncha za Dunia, huangusha njiani maji mazito kwanza kama mvua, kwa hiyo theluji inayofika Greenland au Antaktika ni nyepesi mno. Theluji hiyo ikiyeyuka na kurudi baharini, hesabu husawazika. Ikirundikana mwaka baada ya mwaka hadi kuwa barafu yenye unene wa kilomita mbili au tatu, oksijeni nyepesi hubaki imefungiwa nchi kavu na bahari huachiwa ile nzito. Emiliani alilijua jambo hili, ila aliliona dogo. Ubishi ulikuwa juu ya kiasi: katika mabadiliko yaliyopimwa, ni sehemu gani iliyotokana na baridi ya maji na ni sehemu gani iliyotokana na wingi wa barafu?

Jibu lilihitaji foraminifera wa sakafuni, nao ni adimu. Vifaa vya wakati huo vilitaka magamba mengi kwa kipimo kimoja. Shackleton, ambaye mikono yake ilikuwa ya fundi kama akili yake ilivyokuwa ya mwanafizikia, aliirekebisha spektromita ya masi ya maabara yake mpaka ikaweza kupima gesi kidogo sana. Kazi yenyewe ni ya subira. Magamba ya spishi moja huchambuliwa chini ya darubini, moja baada ya jingine, kwa ncha ya brashi laini iliyoloweshwa. Husafishwa, kisha huyeyushwa kwa asidi ya fosforasi. Dioksidi kabonia inayotoka huingizwa katika mashine, ambayo hutenganisha molekuli nzito na nyepesi. Tofauti nzima kati ya zama za barafu na zama za joto haifiki hata sehemu mbili katika elfu, kwa hiyo uchafu kidogo tu huharibu kipimo.

Mwaka 1967 alichapisha hoja yake katika jarida la Nature. Maji ya vilindi leo yana joto la nyuzi moja au mbili tu juu ya sifuri, na hivyo hayana nafasi ya kupoa kwa nyuzi sita bila kuganda. Hata hivyo magamba ya sakafuni yalionyesha mabadiliko yanayokaribia yale ya viumbe vya juu. Ni lazima basi sehemu kubwa ya alama hiyo iwe ya barafu. Hoja ni fupi, na ndiyo iliyobadilisha fani nzima, kwa sababu maji ya bahari zote huchanganyika katika muda wa miaka elfu moja au mbili. Joto la Karibi ni habari ya Karibi peke yake. Wingi wa barafu unaandikwa katika kila bahari kwa wakati mmoja, na hivyo nguzo ya tope ya Pasifiki inaweza kulinganishwa na ya Atlantiki.

Alama hiyo ni pia kipimo cha usawa wa bahari. Barafu ilipofikia kilele, miaka 20,000 hivi iliyopita, bahari ilikuwa chini ya usawa wa leo kwa mita 120 hivi. Katika pwani ya Afrika Mashariki, kisiwa cha Unguja kilikuwa kimeungana na bara, kwa kuwa mlango wa bahari unaokitenga hauna kina kikubwa. Pemba, iliyozungukwa na kina cha mamia ya mita, ilibaki kisiwa.

Tatizo lililofuata lilikuwa la tarehe. Mwaka 1973 Shackleton na Neil Opdyke, mtaalamu wa usumaku wa miamba, walichapisha uchunguzi wa nguzo V28-238, iliyotolewa na meli Vema magharibi mwa Pasifiki karibu na ikweta. Mita 12 chini yake walikuta mahali ambapo usumaku wa Dunia uligeuka, tukio ambalo umri wake ulikuwa umekadiriwa kutokana na miamba ya volkeno kuwa miaka 700,000. Kwa mara ya kwanza mfululizo mrefu wa hatua za barafu ulipata nanga ya wakati. Vitabu vya shule vilivyokuwa vikifundisha zama nne tu za barafu vilipitwa. Tope lilionyesha nyingi zaidi.

Makala yake inayotajwa kuliko zote ilitoka katika jarida la Science Desemba 1976, akiwa na James Hays na John Imbrie. Walitumia nguzo mbili kutoka kusini mwa Bahari ya Hindi, zilizofunika pamoja miaka 450,000 hivi, na wakatafuta ndani yake mizunguko inayojirudia. Walikuta ya takriban miaka 100,000, 42,000, 23,000 na 19,000. Inalingana na yale ambayo Milutin Milankovitch wa Serbia alikuwa ameyapigia hesabu miongo kadhaa nyuma: umbo la njia ya Dunia, mwinamo wa mhimili wake, na kuyumba kwa mhimili huo. Nadharia iliyokuwa ikidharauliwa na wengi ikawa msingi wa fani.

Kuanzia hapo tope lilianza kutumika kama saa, na saa hiyo ikawasahihisha waliokuwa wakipima miamba. Mwaka 1990 Shackleton, André Berger na Richard Peltier walipanga upya nguzo ya mashariki mwa Pasifiki kwa kufuata hesabu za anga, wakaona kwamba mgeuko ule wa usumaku ni wa miaka 780,000, na kwamba tarehe nyingine kadhaa za mageuko zilikuwa pungufu kwa asilimia 5 hadi 7. Miongoni mwa zilizosogezwa ni kipindi cha usumaku kiitwacho Olduvai, kwa jina la bonde la Tanzania ambalo lava zake zilikihifadhi. Wapimaji wa miamba walisita, kisha vipimo vipya vya gesi ya agoni vikaafikiana naye.

Njia hiyo ina udhaifu wake. Anayepanga tarehe za tope kwa mizunguko ya anga hawezi kisha kuitumia mizunguko ileile kama ushahidi wa kujitegemea. Waandishi wa 1976 walilikwepa hilo kwa kupima kwanza kwa tarehe rahisi zisizotegemea anga, lakini si wote waliowafuata walikuwa waangalifu hivyo. Shackleton mwenyewe aliandika mwaka 1987 kwamba maji ya vilindi yalipoa zaidi ya alivyodhani mwanzoni. Mzunguko wa miaka 100,000 nao ni fumbo, kwa kuwa mabadiliko ya umbo la njia ya Dunia hubadilisha nishati ya Jua kwa kiasi kidogo mno. Mwaka 2000 alitenganisha alama ya joto na ile ya barafu, akaonyesha kwamba katika mzunguko huo barafu huchelewa nyuma ya dioksidi kabonia na joto la vilindi. Kaboni ya angani, basi, ilikuwa mshiriki.

Alipewa tuzo ya Crafoord mwaka 1995 pamoja na Willi Dansgaard, mtafiti wa barafu ya Greenland. Mwaka 1998 alipewa cheo cha Sir. Na mwaka 2004 alipata tuzo ya Vetlesen. Alikuwa pia mpigaji wa klarineti, na mkusanyo wake wa ala hizo, zaidi ya 800, aliurithisha Chuo Kikuu cha Edinburgh.

Katika miaka yake ya mwisho aliichunguza nguzo ya mashapo kutoka pwani ya Ureno. Foraminifera wake wa juu walifuata mapigo ya joto ya Greenland, na wa sakafuni walifuata yale ya Antaktika, yote ndani ya tope lile lile, hivyo mpangilio wa matukio ya kaskazini na kusini ulisomeka bila kubahatisha tarehe. Kati ya 2011 na 2012 mradi wa kimataifa wa uchimbaji wa bahari ulitoboa sakafu ya eneo hilo, na mahali hapo, U1385, pakaitwa kwa jina la Shackleton.