Kariakoo: Sababu Zilizowavuta Watu Kuhamia na Kuweka Makazi

Kariakoo, iliyopo Wilaya ya Ilala, Dar es Salaam, ni miongoni mwa maeneo yanayodhihirisha kwa nini watu huhama makwao na kuweka makazi mahali papya. Jina lake limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza kilichopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Sababu ya kwanza ilikuwa kazi. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia Dar es Salaam makao makuu ya utawala wao kutoka Bagamoyo, na mwaka 1914 Reli ya Kati ilifika Kigoma. Bandari na reli zilihitaji vibarua, na kodi iliyodaiwa kwa fedha taslimu iliwalazimu wanakijiji wengi kutafuta ujira mjini. Majina ya mitaa ya Kongo, Nyamwezi na Pemba yangali yanakumbusha sehemu za mbali.

Sababu ya pili ni biashara. Soko liliwapa riziki wasio na ajira, na jengo lake la sasa, lililobuniwa na msanifu Mtanzania Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975.

Sababu ya tatu, ambayo husahaulika, ni kupata pa kufikia. Nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili na ua nyuma, ilimwezesha mgeni kupanga chumba kimoja karibu na ndugu au watu wa kwao, akaanza maisha kwa mtaji mdogo.

Mwaka 1944 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa mjini Waafrika ilioona hawatakiwi. Baada ya uhuru, kampeni ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 iliwarudisha vijijini watu wasio na kazi rasmi. Mara zote mbili wengi walirejea, kwa kuwa sababu zilizowaondoa makwao hazikuwa zimekwisha.

Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu 272,821 katika mji wa Dar es Salaam. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728 katika mkoa mzima. Leo nyumba nyingi za Kiswahili za Kariakoo zimepisha maghorofa ya biashara. Mgeni asiyemudu kodi ya hapo hupanga chumba Mbagala au Manzese, na alfajiri hupanda gari kwenda Kariakoo kutafuta riziki.