Gari la Mseto la Kutiwa Umeme: Jina Lake na Gharama Zake

Neno "haibridi" limeingia Unguja kwa njia ya bandari, pamoja na magari yaliyokwisha kutumika yanayoshushwa kutoka Japani, na kwa kuwa liliingia bila ya mtu kulidadisi, limekuwa likipewa kila gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja, pasina kupambanua baina ya gari linalojizalishia umeme wake lenyewe na gari ambalo mwenyewe hana budi kulitia umeme kwa waya kutoka ukutani. Tafauti hiyo, ambayo jina halikuibeba, ndiyo inayoamua kama mnunuzi amepata faida au amepata khasara. Na madhumuni ya makala hii ni kuibainisha, kisha kulitafutia gari la namna ya pili jina la Kiswahili litakalomwambia mnunuzi ukweli kabla hajatoa fedha yake. Mfano wangu nitauchukua Mkokotoni, makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Unguja, kwa sababu masafa ya kutoka huko hadi Mjini, yaani mji wa Zanzibar, yanakaribia sana mwendo ambao betri ya gari kama hili huumudu kwa mara moja, na kwa hivyo hesabu yake inafundisha.

Gari la namna ya kwanza, lile ambalo Toyota ililitoa sokoni Japani mwezi wa Disemba 1997 kwa jina la Prius, lina betri ndogo inayojazwa na injini yake yenyewe, na pia kwa nguvu inayookolewa kila dereva anapofunga breki, ambayo katika gari la kawaida hupotea bure ikawa joto. Dereva wa gari hili hana kazi ya ziada: hutia petroli, huendesha, na mambo ya umeme hujiendesha yenyewe ndani kwa ndani. Fikra ya kuunganisha nguvu hizi mbili ni kongwe kuliko wengi wanavyodhani, kwani mwaka 1900 Ferdinand Porsche, alipokuwa akifanya kazi Vienna, alikwisha kuunda motokaa iliyozalisha umeme kwa petroli na kuupeleka kwenye mota zilizokuwa ndani ya magurudumu.

Gari la namna ya pili, ambalo ndilo shabaha ya makala hii, limechukua umbo hilo hilo na kulipa betri iliyo kubwa mara kadhaa. Mitsubishi Outlander ya namna hii, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2013, ilikuwa na betri ya kilowati-saa 12, yaani uniti 12 kwa hesabu ya mita zetu za umeme, ilhali betri ya Prius ya kawaida haifiki hata uniti mbili. Kwa akiba hiyo gari huenda kwa umeme mtupu, injini imezimwa, mwendo wa kilomita 50 na ushei kwa mujibu wa karatasi za kiwanda, na wa kilomita 35 hadi 40 kwa mujibu wa barabara yenye jua kali, kiyoyozi na abiria. Na akiba ikiisha, injini huwaka na safari ikaendelea kwa petroli bila ya msafiri kukwama. Walakini betri kubwa kiasi hicho haijazwi kwa kufunga breki. Injini ikiachiwa kuijaza, itaijaza kwa petroli ile ile iliyokusudiwa kuokolewa, na gari lote litakuwa halina maana.

Sasa tuliendee jina. Kiswahili hakikukosa maneno ya vitu viwili vilivyochanganyika, na wafasiri wamekuwa wakichagua baina ya matatu. La kwanza ni chotara, linalotumika kwa mbegu za mahindi na kwa mtu mwenye asili mbili. Nami ningelikwepa, kwani lina uzito masikioni mwa watu wa pwani ambao chombo cha kusafiria hakistahiki kubebeshwa, na zaidi ya hayo linaashiria kiumbe cha tatu kilichozaliwa na wawili, ambapo katika gari hili injini inabaki injini na mota inabaki mota. La pili ni mahuluti, kutokana na neno la Kiarabu la kuchanganya, zuri kwa sura na kwa asili, lakini limebaki vitabuni, na muuzaji wa magari akiliandika kwenye kioo itampasa asimame pembeni kulifasiri. La tatu ni mseto, kutokana na kuseta, na asili yake ni chakula cha mchele na choroko vilivyopikwa pamoja hata vikashikana. Yupo atakayesema kwamba mseto ukiiva hauchambuliwi, na gari hili nguvu zake mbili zinaweza kutengana, moja ikafanya kazi na nyingine ikapumzika. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu lau neno lingalibaki jikoni. Lakini limekwisha kutoka zamani: watu wetu wanasema serikali ya mseto, wanasema kilimo mseto, na hakuna mzazi wa Tanzania asiyejua dawa mseto ya malaria, ambayo ndani yake dawa mbili zimewekwa pamoja kila moja ikiwa na kazi yake. Magazeti nayo yanaandika magari ya mseto, na neno lililokwisha kukubalika midomoni halina haja ya kunyang'anywa nafasi yake.

Taabu iko katika sehemu ya pili ya jina, ile inayopaswa kueleza waya na soketi. Wengi hukimbilia kitenzi kuchomeka, kwa kuwa ndicho kinachotumika kwa plagi, na kwa juu juu "gari la mseto la kuchomeka" linapendeza kwa ufupi wake. Ila sikio la Mswahili lina vitenzi viwili vyenye sauti hiyo moja: kuchomeka kwa maana ya kuingiza kitu mahali pake, kama mtu anavyochomeka kisu kiunoni, na kuchomeka kwa maana ya kupatwa na moto, kutokana na kuchoma. Gari lenye betri kubwa ya lithiamu, ambayo watu tayari wanaiogopa kwa khabari za moto, halifai kupewa jina ambalo msikilizaji anaweza kulifahamu kuwa ni gari la kuungua. Wengine husema "la kuchaji". Lakini hata gari la namna ya kwanza linachaji betri yake, ila linajichajia, na hapo tumerudi pale pale palipotutatiza.

Rai yangu ni kwamba tuseme gari la mseto la kutiwa umeme. Watu wa Unguja husema kutia mafuta, kutia maji, kutia chumvi, na kitenzi hicho kinakaa na umeme bila ya kulazimishwa. Tena kwa kuwekwa katika hali ya kutendwa, kinamdai mtendaji. Kitu cha kutiwa lazima awepo wa kukitia. Jina hili linamwambia mnunuzi kwamba ananunua gari pamoja na wajibu, na wajibu huo ni wake yeye, kila usiku. Wakenya waliuita umeme stima, neno lililotoka kwenye mvuke wa mitambo iliyouzalisha, na hakuna aliyepata khasara kwa jina hilo, kwani mwenye taa hahitaji kujua mtambo ulivyo. Mwenye gari hili anahitaji kujua. Na kwa kuwa mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili Sanifu, si vibaya tukajiona sisi wa kisiwa hiki kuwa na dhamana ya kuyatazama maneno yanayoshuka bandarini kwetu kabla hayajasambaa.

Ushahidi kwamba wajibu huo hupuuzwa upo, na umetoka katika nchi zilizo na vituo vya umeme kila mtaa. Mwezi wa Machi 2024 Tume ya Ulaya ilitangaza matokeo ya vipimo vilivyochukuliwa ndani ya magari yenyewe barabarani, na ikaonekana kwamba magari ya namna hii, kwa wastani, yanatoa moshi wa kaboni mara tatu na nusu ya kiwango kilichoandikwa katika karatasi zao, na sababu kubwa ni kwamba wenyewe hawayatii umeme kama ilivyodhaniwa. Ni sawasawa na nahodha wa kisiwa cha Tumbatu aliyenunua mashua yenye tanga na mashine, akaliacha tanga limekunjwa siku zote na kwenda kwa mashine, kisha akashangaa kwa nini petroli inamla. Tofauti ni kuwa tanga ni jepesi, na betri hii, pamoja na mota zake, humwongezea dereva uzito wa kilo zaidi ya mia kila aendako.

Tufanye hesabu basi, na kwa kuwa bei ya mafuta hutangazwa upya kila mwezi na ZURA, mamlaka ya udhibiti wa maji na nishati Zanzibar, tujaalie petroli kuwa shilingi 3,000 kwa lita na umeme shilingi 300 kwa uniti, ili kila msomaji abadilishe kwa bei ya siku yake. Gari la ukubwa huo hula kiasi cha lita 8 za petroli kwa kilomita 100, ambazo ni shilingi 24,000. Kwa umeme hula kiasi cha uniti 20, ambazo ni shilingi 6,000. Mkaazi wa Mkokotoni anayefanya kazi Mjini, akipita Mahonda na Bububu, ana kilomita 40 hivi za kwenda na 40 za kurudi. Akienda na kurudi kwa petroli atatumia shilingi 19,200 kwa siku. Akitia umeme nyumbani usiku, asubuhi atafika Mjini au karibu yake kwa umeme wa shilingi 2,400, na jioni atarudi kwa petroli ya shilingi 9,600, jumla 12,000. Akipata soketi kazini na akatia tena mchana, safari zote mbili zitamgharimu shilingi 4,800 tu. Kwa siku 25 za kazi katika mwezi, yule wa soketi moja ameokoa shilingi 180,000, na yule wa soketi mbili 360,000. Ikiwa gari hili limelizidi la petroli la umri ule ule kwa shilingi milioni kumi, wa kwanza atairudisha tafauti hiyo kwa miaka minne na nusu na zaidi kidogo, na wa pili kwa miaka miwili na miezi minne. Asiyetia umeme kabisa hatairudisha maisha.

Hesabu hiyo imechukulia betri iliyo nzima, na hapo ndipo pana hadhari kubwa kuliko zote. Betri ya lithiamu huchakaa kwa umri na kwa joto, hata gari likikaa bila ya kwenda, na magari yanayotufikia aghalabu yana miaka kadhaa nyuma yake. Betri iliyopoteza thuluthi ya uwezo wake itamfikisha mtu wa Mkokotoni Mahonda na mbele kidogo, haitamfikisha Darajani, Mjini. Dhamana ya kiwanda kwa kawaida haivuki bahari pamoja na gari lililotumika, na bei ya betri mpya inaweza kumeza akiba ya miaka yote niliyoihesabu. Kwa hivyo mnunuzi asiridhike na kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi. Amtake fundi mwenye kompyuta ya kupimia asome uwezo wa betri uliobakia, au alitie umeme hadi lijae kisha aliendeshe mwenyewe kwa umeme mtupu mpaka injini iwake, na hapo atajua.

Upande wa nyumba, mambo si magumu ila yanataka uangalifu. Soketi yetu ya pini tatu, yenye volti 230, ikitoa ampea 10, hulipa gari kilowati mbili na ushei, na betri ya uniti 12 hujaa kwa saa tano hadi sita: mtu akilitia umeme baada ya sala ya Isha, kabla ya Alfajiri limeshajaa. Lakini mzigo huo wa saa sita mfululizo ni mzito kwa waya mwembamba wa kurefushia unaopitishwa dirishani, na nyumba nyingi za shamba zilifungwa nyaya kwa ajili ya taa na feni. Inapasa fundi umeme aweke soketi yake pekee, yenye waya mnene kutoka kwenye fyuzi na waya wa ardhi uliofika ardhini kweli, tena mahali ambapo mvua na chumvi ya bahari havifiki. Waya wa kutilia umeme uliokuja na gari nao uangaliwe, maana Japani hutumia volti 100 na 200.

Yapo pia masuala ya umeme wenyewe. Unguja hupata umeme wake kutoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari baina ya Ras Kiromoni na Ras Fumba, na waliokuwepo hawajasahau giza la mwezi mzima la mwaka 2008, wala lile la miezi mitatu lililoanza Disemba 2009 na kumalizika Machi 2010. Waya wa pili, wenye uwezo wa megawati 100, ulizinduliwa mwaka 2013 na hali imekuwa bora. Hata hivyo, kwa kisiwa chenye historia hiyo, naliona gari la mseto kuwa na fadhila ambayo gari la umeme mtupu halina: umeme ukikatika, linageuka gari la petroli na mwenyewe anakwenda kazini.

Kwa hayo yote nahukumu hivi: mkaazi wa Mkokotoni mwenye nyumba yake, soketi iliyofungwa na fundi, na safari ya Mjini ya kila siku, gari la mseto la kutiwa umeme linamfaa, maadamu betri yake imepimwa. Mwenye kupanga chumba kisicho na pahala pa kulaza gari karibu na soketi, au mwenye safari moja kwa wiki, anunue gari la petroli dogo na fedha iliyobaki aifanyie jambo jingine. Nao wanaouza magari Unguja nawaomba waliandike jina hilo kwa ukamilifu wake kwenye vioo vya magari yao, na Baraza la Kiswahili Zanzibar lilitazame, lilikubali au lilete lililo bora zaidi.